Darasa limejaa, usikivu haupo: namna ya kusaka hitilafu

Fundi redio wa mtaani kwetu alikuwa na utaratibu wake. Ukimpelekea redio iliyonyamaza, kwanza anatoa betri, anazipangusa, anazirudisha, anawasha. Bisibisi inakuja baadaye. Sisi walimu darasa likiyumba tunaanza na bisibisi: watoto wa siku hizi, wazazi, simu, mitandao. Betri hatujazigusa.

Maelezo haya yanakwenda kwa dalili. Tafuta inayofanana na darasa lako, anza na sababu ya bei rahisi, na badili kitu kimoja kimoja. Ukihamisha viti, ukavunja vikundi na kuzima projekta siku moja, darasa likitulia hutajua kilichotibu ni kipi. Mifano mingi naichukua katika Kidato cha Pili nilichofundisha fizikia kwenye shule moja ya kata mkoani Tanga: wanafunzi 74, meza 37 zilizotengenezwa kwa mtu mmoja mmoja, madirisha hayana pazia.

Kabla ya kugusa chochote, hesabu

Chora ramani ya darasa, kisanduku kimoja kwa kila mtoto. Katika kipindi cha dakika 40 chagua nyakati tatu: mwanzoni, katikati, na karibu na kengele. Kila mara pitisha jicho safu kwa safu, utie alama kwa yule ambaye macho au mkono wake uko kwenye kazi. Darasa kubwa halihesabiki huku unafundisha, kwa hiyo mwombe mwenzako asiye na kipindi akae kona akuhesabie, nawe umlipe siku nyingine kwa kukaa kwenye darasa lake.

Alama zikipungua kwa wote kwa pamoja, tazama saa au somo lenyewe. Zikipungua upande mmoja, tazama mahali. Zikikosekana kwenye visanduku viwili vitatu vilivyotawanyika, usiguse viti kabisa. Hao waite mmoja mmoja, taratibu, ujue kama ni macho, masikio, njaa au ya nyumbani.

Utulivu nao unadanganya. Nilikuwa na binti aliyenakili ubao kwa mwandiko wa kupendeza, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Siku moja nikamwomba anieleze sentensi aliyoiandika dakika ileile. Alinitazama tu. Kwenye ramani yangu alikuwa na alama zote tatu. Tangu siku hiyo naongeza swali la mlangoni: dakika tatu za mwisho kila mmoja anajibu swali moja kwenye kipande cha karatasi na kunikabidhi akitoka. Ramani inanionyesha macho yalikuwa wapi, kipande kinanionyesha akili ilikuwa wapi, na mara nyingi havipatani.

Dalili: mikono inainuka mbele, nyuma kimya

Mwaka 1970 watafiti wawili, Raymond Adams na Bruce Biddle, walieleza kwamba mazungumzo mengi ya darasani ni kati ya mwalimu na wale waliokaa mbele na katikati. Kila mwalimu anaijua ramani hiyo hata kama hajawahi kuichora. Tunachoruka ni kuuliza kwa nini.

Anza na macho. Nenda ukakae wewe mwenyewe kwenye kiti cha nyuma kabisa, upande wa mbali na mlango, saa nne asubuhi, ubao ukiwa umeandikwa. Nilipofanya hivyo niliona theluthi nzima ya ubao inang'aa kama bati jipya. Jua lilikuwa linapiga kutoka dirishani na chaki haionekani. Kwa wiki mbili nilikuwa nikiwaita wale watoto wavivu wa kunakili! Dawa yake ilikuwa kipande cha turubai dirishani na mazoea ya kuanza kuandika upande usiopigwa na jua. Ukiwa hapohapo nyuma, soma maandishi yako mwenyewe. Ukikunja uso kuyasoma, na wao wanakunja. Ila mtoto akiendelea kukunja uso hata akikaa karibu, huyo ni wa kupimwa macho.

Kisha miguu yako. Mwalimu asiyeachana na ubao anafundisha safu tatu. Kwa darasa lililofurika, na mengi yalifurika baada ya ada kufutwa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, sababu ya kutotembea ni kwamba hakuna pa kupita. Bana meza upate njia mbili tu za kwenda hadi ukuta wa nyuma. Utapoteza nafasi kidogo pembeni, lakini nusu ya kipindi utaifundisha ukiwa kati yao, na wa nyuma watageuka kuwa wa mbele bila kuhama.

Jambo jingine ni nani anachagua viti. Wakijichagulia wenyewe, nyuma panaanzishwa kijiji chenye mwenyekiti wake. Mimi huzungusha: kila Jumatatu safu ya mbele inakwenda nyuma, wengine wanasogea hatua moja. Wasioona au wasiosikia vizuri hawazungushwi. Na tafadhali usikifanye kiti cha mbele kuwa jela ya watundu, maana mwenye macho mabovu atakikwepa ili asidhaniwe mtundu.

Dalili: kazi ya kimyakimya inageuka baraza

Umewapa zoezi la kila mtu na daftari lake. Dakika tano baadaye minong'ono, ya kumi soga kamili. Tazama wamekaaje. Kama wanatazamana, umewaweka kwenye mkao wa mazungumzo halafu unawakataza kuzungumza.

Kevin Wheldall na wenzake walilipima hili Uingereza, wakachapisha mwaka 1981. Watoto wa miaka 10 na 11 waliokuwa wamezoea kukaa kuzunguka meza walihamishiwa kwenye safu, kisha wakarudishwa mezani. Kushughulika na kazi kulipanda kwenye safu, kukashuka waliporudi, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa wanapotea zaidi. Mwaka 2008 Rachel Wannarka na Kathy Ruhl walipitia tafiti mbalimbali za aina hiyo wakafika palepale: kazi ya mtu binafsi inataka safu, kazi ya kujadiliana inataka kutazamana. Na msidhani safu ndiyo mshindi wa kila shindano. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1999, watoto wa darasa la nne waliuliza maswali mengi zaidi walipokaa nusu duara kuliko walipokaa safu.

Kwa hiyo mpangilio unafuata kazi ya siku hiyo. Kwetu mara nyingi unafuata wageni. Wakisikika wanakuja kutoka ofisini, usiku mmoja meza zote zinageuzwa vikundi ili darasa lionekane shirikishi, na asubuhi watoto wanafanya zoezi la hesabu la kimyakimya huku wametazamana kama wako kwenye karamu.

Kuhamisha meza 37 kila kipindi hakuwezekani. Geuza viti. Safu ya kwanza, ya tatu na ya tano wanageuza viti kutazama nyuma, na tayari una vikundi vya wanne. Kazi ya kimya ikifika wanarudi mbele. Hili lifanyieni mazoezi kama gwaride. Siku ya kwanza ilituchukua karibu dakika kumi na mguu mmoja wa kiti. Baada ya wiki mbili, nikihesabu hadi ishirini wamemaliza.

Dalili: haandiki, anasukumana

Viwiko. Watoto wawili kwenye meza ya mtu mmoja, mmoja wao anatumia shoto na amekaa kulia: kiwiko chake cha kushoto na cha kulia cha mwenzake vinagombea sehemu moja kipindi kizima. Mhamishie kushoto, mkono wake utoke nje ya meza. Sekunde tano, ugomvi umekwisha. Niliwahi kumchapia barua ya onyo mtoto ambaye kosa lake lilikuwa hilo tu.

Kwa wenzangu wa shule za msingi, dawati la kukaliwa na watatu lina mtu anayeteseka daima, naye ni wa katikati. Hana pa kuweka mkono, hivyo anaacha kuandika, na asiyeandika atatafuta kazi nyingine. Wapeane zamu ya katikati kila kipindi.

Dalili: kikundi kina kelele, kazi ni ya mmoja

Sababu yake ina jina la Kiswahili la siku nyingi: kutega. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba, na mwaka 1913 akachapisha alichokiona: wavutaji wakiongezeka, kila mmoja anavuta chini ya uwezo wake. Aliyewahi kulima shamba la shule hahitaji Mfaransa kumwambia. Majembe kumi yanainuka, yanayochimba ni manne. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake huko Marekani walikuta hali hiyohiyo hata kwenye kupiga makofi.

Pima hivi. Kwanza idadi: zaidi ya wanne, kuna aliyekaa kutazama. Pili, kuna karatasi ngapi? Ikiwa moja, kuna mwandishi mmoja, na wengine wanaona kisogo chake. Kila mtu aandike kwenye daftari lake hata kama jibu ni la pamoja. Tatu, nani atasoma majibu? Kila kikundi kina msemaji wake wa kudumu, yule mwenye sauti, na wakishajua ni yeye, wengine wamekwisha kwenda likizo. Wape namba moja hadi nne, na namba ya msemaji itajwe baada ya kazi kumalizika. Hilo peke yake lilibadili darasa langu kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyatoa kuhusu ushirikiano.

Nne, na hapa ndipo wengi tunapokosea, ni kazi yenyewe. "Tajeni matumizi matatu ya msuguano" ni kazi ya mtu mmoja iliyogawiwa watu wanne. Lazima watatu watege, maana hakuna cha kufanya. Mwaka 1971 Elliot Aronson, katika shule za Austin, Texas, ambako watoto weusi na weupe walikuwa wamechanganywa karibuni na hawaelewani, alipanga kazi kwa namna ambayo kila mtoto ana kipande chake cha somo, na bila vipande vya wenzake hajibu mtihani. Mwenye kipande hategi, kwa sababu watatu wanamsubiri.

Kwa darasa la 74 utaratibu wake una hatua isiyowezekana: wenye kipande kilekile huinuka na kukutana kabla ya kurudi kwenye vikundi vyao. Nilijaribu mara moja, ikawa stendi ya mabasi siku ya mkesha wa Idi. Sasa nafanya nusu yake. Natoa nakala za ukurasa mmoja, naukata kwa mkasi vipande vinne, kila mmoja anasoma chake kimya kwa dakika tano, anakigeuza juu chini mezani, kisha anawaeleza wenzake bila kukitazama. Kukigeuza ndiyo siri. Bila hivyo wanasomeana kama taarifa ya habari.

Ama kelele, zina hesabu yake. Mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua, jambo ambalo daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alilieleza mwaka 1911. Kikundi kimoja kikipanda, jirani anapanda, na mwalimu akipaza "Kimya!" amepandisha na yeye. Anzeni wawili wawili kabla ya wanne, ili mtu aongee na sikio lililo karibu. Muda uwe mfupi na saa ya kumaliza iandikwe ubaoni. Kukubaliana mkono juu maana yake nini kunafaa kuliko koo lako.

Mvua ikinyesha juu ya bati, majadiliano yamekufa, usishindane nayo. Daftari moja kwa watu wawili: huyu anaandika sentensi, anamsukumia mwenzake, naye anajibu kwa sentensi. Baadhi ya majadiliano bora niliyowahi kuyasoma yaliandikwa kwenye mvua ya masika.

Mara nyingi naulizwa kama marafiki wakae pamoja. Marafiki wawili hawana neno. Wanne ni kijiwe.

Dalili: kifaa kimefika, usikivu umeondoka

Projekta kwanza. Mapazia yamefungwa, taa zimezimwa, saa saba mchana, joto la pwani. Hapo umetandika kitanda. Acha upande wa nyuma wazi hata picha ikififia kidogo. Kama kila picha imejaa maneno, wanachofanya ni kunakili kwa kasi kabla hujabadilisha, na anayenakili kwa kasi hakusikii. Onyesha picha au mchoro, zungumza, kisha zima. Ukitumia PowerPoint, kitufe cha B kwenye kibodi kinafanya ukuta kuwa mweusi, ukikibonyeza tena picha inarudi. Utashangaa jinsi vichwa vinavyokugeukia papo hapo.

Chumba cha kompyuta kina tatizo la dawati la watatu: mmoja ameshika kipanya, wawili ni abiria. Weka sheria kwamba aliyeshika kipanya haruhusiwi kuamua. Anafanya anachoambiwa na wa pili, wa tatu anaandika hatua daftarini, na kila dakika tano wanapokezana. Mjuzi wa kompyuta akinyimwa kuamua atahangaika kweli, na hapo ndipo utajua alikuwa amewafunika wenzake kiasi gani.

Vyuoni, ambako kila mtu ana kompyuta yake, tatizo liko kwa jirani. Watafiti wa Canada, Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda, walionyesha mwaka 2013 kwamba waliokaa mahali wanapoona skrini ya mwenzao anayechanganya somo na mambo mengine walipata alama pungufu kwa asilimia 17, ingawa wao wenyewe hawakugusa kifaa chochote cha kuwapoteza. Wenye kompyuta wakae nyuma au pembeni, skrini zao zisiwe na watazamaji.

Na simu? Katika shule zetu nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuwa nayo, kwa hiyo darasani haionekani. Athari yake inaonekana hata hivyo: mtoto wa bweni aliyechat chini ya shuka hadi usiku wa manane, anayekuja kulipia usingizi kwenye kipindi chako cha kwanza. Huyo hatibiwi kwa kuhamishwa kiti. Muulize matroni.

Simu ninayoihofia zaidi ni ya kwangu. Tangu walimu tulipogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, meza ya mwalimu ina vitu viwili vya kutetema. Kundi la WhatsApp la shule likichangamka, kifaa kinatambaa juu ya mbao, na vichwa 74 vinageuka kabla sijageuka mimi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilitaja kwamba mwanafunzi akishavutwa kando anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudi kwenye alichokuwa anajifunza. Nusu ya kipindi changu, kwa ajili ya ujumbe wa nani kaleta maandazi. Siku hizi vyote viwili vinabaki ofisini, na kipindi nakipima kwa saa ya mkononi.

Dalili: wanaanguka wote pamoja

Ukiona alama kwenye ramani zimeporomoka darasa zima, na zinaporomoka saa ileile kila siku, usipoteze muda na viti. Wamekula nini, na saa ngapi? Shule isiyo na uji wala chakula cha mchana itakuwa na kipindi cha nane cha wafu, hata ukiwapanga kwa umbo la nyota. Hotuba zihamie asubuhi, mchana wape kazi za mikono na za kusimama, fungua madirisha. Zaidi ya hapo ni suala la kikao cha wazazi na magunia ya mahindi.

Dalili: umerekebisha vyote, vipande vya mlangoni bado vitupu

Ndiko nilikofika mimi. Viti sawa, turubai dirishani, vikundi vya wanne, simu ofisini. Macho yalikuwa kwenye kazi kuliko wakati wowote. Majibu ya mlangoni hayakusogea.

Sababu nilikuwa nayo mdomoni. Watoto wetu wengi wanasoma kwa Kiswahili hadi Darasa la Saba, kisha Kidato cha Kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza, na katikati kuna kozi fupi ya kuwavusha. Mtu anayesikiliza lugha asiyoielewa anaweza kukaa wima dakika 40, akitazama mbele. Ndiyo utulivu wenyewe niliokuwa nikiusifu.

Jaribio lake ni rahisi: sema sentensi uliyokwisha kuifundisha, kwa Kiswahili, ghafla, na utazame nyuso. Mtihani ni wa Kiingereza na sikuweza kukiacha, lakini niliingiza dakika mbili. Kabla ya kuandika chochote, kila wawili wananong'ona kwa Kiswahili: hili maana yake nini, umeliona wapi? Baada ya hapo kalamu na Kiingereza.

Wiki ya pili nilisimama nyuma ya yule binti wa rula. Alikuwa anamweleza jirani yake kilima cha kwao, kwamba mvua ikinyesha bodaboda hazipandi, tairi inazunguka palepale, mpaka watu wamwage mchanga. "Sasa huo mchanga ndio msuguano?" jirani akauliza. "Hapana, mchanga ndio unauleta." Akainama akaandika sentensi yake mwenyewe, ambayo haikuwa ubaoni. Ilikuwa na makosa mawili ya Kiingereza, na alisahau kuipigia mstari.